Gari Lisilonesa

Barabara ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi siku hizi ni lami, na vijana wanaipita wamelala. Nami nimewahi kulala humo, ndani ya gari la binti yangu, gari refu lenye viti laini na springi zinazomeza kila kitu. Nilipozinduka tulikuwa tumeshafika, na sikuweza kusema tumepita wapi. Niliudhika. Binti yangu aliniuliza kwa nini nimenuna wakati nimebebwa kama yai, nikamwambia kwamba mimi barabara hii niliijua kwa uti wa mgongo, hatua kwa hatua, kabla yeye hajazaliwa. Alicheka, akidhani ni maneno ya uzee.

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Soko huria lilipoingia, zile mashine zetu zilizokuwa zikisimama nusu ya msimu kwa kukosa mkanda au beringi zilianza kuzunguka mfululizo, maana wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, malori yao na haraka zao. Madukani Bariadi vikaingia vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau au hatujawahi kuviona. Mtu alitoka asubuhi na shati la kaki akarudi jioni na koti la mtumba lenye mabega mapana, akatembea nalo kwenye jua bila kulivua. Kila mmoja wetu alipata kichaa chake. Changu kilikuwa gari.

Nililiona Mwanza, uani kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameagiza magari yaliyotumika Japani. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, fupi kwenda juu kiasi kwamba niliposimama kando yake niliona paa lake lote. Taa zake za mbele zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti, na ukibonyeza kitufe zilichomoza kama macho ya chura. Mwenyewe alikuwa ameliendesha mwezi mmoja tu. Alipolizungumzia alikuwa ameshika kiuno, na mimi, kwa ujinga wa mtu aliyekwisha kupenda, sikuuliza kiuno kimefanya nini.

Jibu nililipata kabla sijatoka nje ya mji. Gari lile halikuwa na habari ya kunesa. Likipita juu ya kokoto, kokoto ile uliijua ukubwa wake. Likipita juu ya shimo, meno yaligongana. Fundi wangu wa gereji pale Bariadi, mtu mzima aliyekuwa akitengeneza matrekta tangu enzi za ushirika, alijilaza chini yake kwa muda mrefu, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Hii gari ilikuwa ya kijana wa mashindano," alisema. "Springi kaweka fupi, shokapu kaweka ngumu kama mpini wa jembe. Ilikusudiwa barabara laini kama sahani. Wewe umeileta kwetu huku."

"Si tubadilishe?"

"Tubadilishe na nini? Za trekta?"

Basi nikaishi nalo hivyo hivyo. Nasema nikaishi nalo kwa sababu gari laini unaliendesha tu, lakini gari gumu unaishi nalo, kama mtu anavyoishi na shemeji mkorofi aliyehamia nyumbani. Nilijifunza kutofunga meno na kutoacha ulimi kati yake. Nilijifunza kukatisha maneno nikiona mawimbi yale madogomadogo ya changarawe, kwa sababu aliyeongea juu yake alitoa sauti ya mbuzi. Kila Jumamosi nilizunguka na spana nikikaza nati zilizolegea wiki nzima, kuanzia bampa la mbele hadi kibati cha namba. Mayai sikununua njiani. Soda ukiifungua ndani ya gari lile, ilikuvaa.

Sisi wa kiwandani tunajua kwamba lori tupu hurukaruka kuliko lenye mzigo, kwa hiyo nilipakia kwenye buti magunia mawili ya mbegu za pamba ili nilitulize. Lilitulia kweli, ila tumbo likashuka, likawa linaburuza kwenye tuta la katikati ya barabara na kulia mpaka ng'ombe wanakimbia. Nikayatoa magunia. Kisha nikagundua siri yake, ambayo nadhani hakuna aliyenitangulia kuijua kwenye barabara ile. Juu ya mawimbi ya changarawe ulikuwa na njia mbili tu. Ama uende polepole, sawa na mkokoteni, upigwe wimbi kwa wimbi, au ukanyage mafuta mpaka ufike kasi ambayo magurudumu yanagusa vilele tu na kuacha mabonde. Ukifika hapo gari lilitulia ghafla na kuanza kuteleza. Lakini usukani nao ulikuwa mwepesi mno, na kukitokea mfereji mbele yako, basi ni wewe na Mungu wako.

Nilikuwa na hasira za karibu juu ya gari lile. Watu wa baiskeli walikuwa wakinipita kwenye mashimo, wakigeuka na kunipungia mkono kwa huruma, na mimi nilikuwa nachemka. Mara moja karibu na Dutwa lilikalia tuta, na mwenye ng'ombe mmoja akafunga maksai wake akanivuta, huku akiwasifu wale maksai kwa majina yao yote na kunitazama mimi kana kwamba ndimi mkokoteni. Sikumsamehe kwa mwaka mzima. Sasa ningetoa chochote nimwone tena.

Mke wangu ndiye aliyelipenda kuliko mimi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, tulikuwa tumeoana mwaka uliotangulia, na kwake kurukaruka ulikuwa mchezo. Tukienda harusini Nyalikungu alifunga kitambaa kichwani, akashika dashibodi kwa mikono miwili na kucheka tangu tunatoka mpaka tunafika, kicheko kilichokatwakatwa na barabara. Hadi leo nikifumba macho nakisikia. Kuna vicheko ambavyo watu hawacheki tena kwa sababu barabara zimekuwa nzuri.

Halafu mimba yake ya kwanza ikatoka.

Ilikuwa bado changa, na hakuna aliyetupa sababu. Lakini sababu ilikuwa imeegeshwa uani, nyekundu, na kila mtu aliiona. Majirani walikuja kutupa pole, na wakati wa kutoka walipunguza mwendo walipolipita. Mmoja alisema kwa sauti ambayo alijua nitaisikia, "Mtoto gani atashika kwenye kinu kile?" Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, na mimi sikuthubutu kumwuliza, maana niliogopa jibu. Nililifunika gari kwa turubai la kufunikia marobota ya pamba. Nikawa nakwenda kiwandani kwa miguu, na mara moja kwa wiki nalifunua, naliwasha, nalisikiliza, nalizima. Usiniulize kwa nini sikuliuza. Kuliuza kungekuwa kukiri.

Kutoka Kiloleli, kijiji cha kando ya ziwa kupita Lamadi, ukaja ujumbe wa mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mkulima wa pamba na mpunga, mtu wa kanisani kila Jumapili, na mke wangu alikuwa binti yake pekee. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mwambieni mkwe, lile gari lake lisikanyage uwanja wangu."

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao kwenye picha na hawataelewa. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe waliheshimiana kwa kukaa mbali. Hukumtazama usoni. Hukumpa mkono. Mkikutana njiani, mmoja aliingia porini. Mkilazimika kuzungumza, palikuwa na mtu wa tatu katikati, nawe ulimwambia yule, yule akamwambia mama, hata kama mama alikuwa amesikia kila neno. Na mkigusana kwa bahati mbaya, ulitoa mbuzi wa kuondoa aibu. Familia nyingi za mjini zilikuwa zimeanza kulegeza, lakini mama mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Tangu nimwoe binti yake nilikuwa nimesikia sauti yake mara mbili, kutoka nyuma ya mlango.

Mimba ya pili ilipokuja hatukuitangaza. Ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa nane, ndipo miguu ya mke wangu ikavimba, kichwa kikauma, akalazwa. Asubuhi ya siku ya tatu daktari aliniita, akaniambia presha imepanda na jioni ile ile watamfanyia upasuaji wamtoe mtoto. Niliingia wodini. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, amenishika kidole kimoja tu.

"Nataka mama," alisema.

"Mama atakuja kesho na basi."

"Kesho ya nani? Mimi namtaka kabla sijaingia mle. Kama nikiingia bila kumwona, sitatoka."

Nilimkaripia asiseme hivyo. Alifumba macho tu. Nikatoka nje. Basi la Lamadi lilikuwa limeondoka alfajiri, na lingerudi kesho yake. Ilikuwa katikati ya msimu wa pamba, kila lori na kila pikapu ya kiwanda ilikuwa vijijini na mizani. Nilizunguka mji mzima nikiuliza. Mwishowe nilijikuta nimesimama uani kwangu mbele ya turubai, na nikalivuta.

Kwenda nilikwenda peke yangu, na sikumbuki mengi. Nakumbuka tu kwamba nilipofika Kiloleli nilisimamisha gari barabarani, mbali na uwanja wake, kwa kuwa lilikuwa limekatazwa. Nikamwita jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, nikamwambia aende akaseme. Alikwenda mbio akipiga kelele tangu njiani, kwa hiyo mama mkwe wangu alitoka kabla hajafikiwa. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa ya mgando ambayo alikuwa anataka kuyasuka. Alilitazama gari. Nikageuka nikatazama upande wa ziwa.

"Mwulize, ng'wanone yu hai?" nilimsikia akisema. Ndivyo alivyomwita binti yake siku zote, na yeye peke yake: mwanangu, kwa Kisukuma.

"Mwambie yu hai. Anamwita. Jioni wanampasua."

Kisha nikasikia kanga ikikazwa kiunoni.

Jirani alipaswa kuja nasi, awe katikati yetu. Alikuja mpaka mlangoni pa gari, akachungulia ndani, akakipima kiti kwa macho, akajipima na yeye. "Mayu, mama yangu, mimi kitu hiki kitanivunja kiuno, na watoto wangu wamebaki na chungu jikoni," akasema. "Nendeni. Mungu anaona ni shida." Ndivyo tulivyobaki wawili.

Kiti cha mbele kilikuwa bega kwa bega na dereva, hakikufikiriwa hata dakika moja. Nyuma palikuwa na kijikiti cha kukalia, kimetengenezwa kwa ajili ya mkoba au paka, na kukifikia ilibidi kiti cha mbele kikunjwe na mtu aingie ameinama. Mimi nilikwenda kusimama mbali nimegeuka, huku jirani akimsukuma kutoka nyuma pamoja na kibuyu chake, na wote wawili wakihema. Nilikuwa nimemwekea gunia la pamba alikalie, nikijiona nimefanya la maana, kumbe lilimwinua hadi kichwa chake kikabanwa na paa. Jirani alilichomoa gunia na kunirushia. Nikaliweka kwenye kiti cha mbele, likakaa pale kama abiria.

Nilipoingia kwenye usukani, kioo cha ndani kilikuwa kinanionyesha moja kwa moja uso wa mama mkwe wangu. Niliona jicho moja na kipande cha kanga, nikashtuka kama mwizi. Nikakigeuza kioo kitazame juu, nikaondoka. Nilijiona muungwana. Ulikuwa ni ujinga, kwa kuwa kuanzia hapo sikuweza kujua chochote kinachotokea nyuma yangu.

Mpaka Lamadi hakuna aliyesema kitu. Mwamanyili tuliiacha nyuma kwenye lami, na lami ile ilikuwa na viraka vya kutosha kunifanya nisikie kibuyu kikigonga kitu. Nilitaka kumwambia kwamba baada ya Lamadi lami inaisha, kwamba ajishike, lakini wa kumwambia amwambie hakuwepo. Tulipokata kona kuingia changarawe, wimbi la kwanza likatupiga, na sauti ikatoka nyuma.

"Wewe gari."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Wewe gari," akarudia, na sauti yake ikawa inatetemeka kama ya mbuzi, "mwulize mwenye wewe, ndivyo ilivyo mpaka Bariadi?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tumepata mtu wa tatu. Nikakohoa. "Gari," nikasema, nikiutazama usukani, "mwambie mama ndiyo, ila tukikimbia sana inatulia. Tukienda polepole inapiga hivi hivi."

"Gari, mwambie akimbie."

Nikakanyaga. Lilipiga, likapiga, likakusanya kasi, na tulipofika pale ninapopajua mimi likatulia na kuteleza juu ya vilele. Nilisikia pumzi ndefu kutoka nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu mimba ile itoke nilijivunia gari langu, na hapo hapo nikaona haya kwa kujivuna.

Tulikwenda hivyo kitambo. Nilikuwa nawaza saa, nawaza mke wangu na kile kidole. Sikujua kwamba kila tulipopita kwenye jiwe kubwa kidogo kichwa cha mama kilikuwa kinagonga paa, na kwamba alikuwa hana pa kushika, kwa sababu mikono yote miwili imekumbatia kibuyu. Hakuniita. Ni aibu mama kumlilia mkwe. Na kioo changu cha uungwana kilikuwa kinatazama dari.

Tulipokaribia Dutwa palikuwa na mfereji wa maji ya masika uliokatiza barabara, mkavu, mkali kama umechimbwa kwa jembe. Niliuona nikiwa nimeshachelewa. Gari liliingia na kutoka kwa mapigo mawili, nami nikasikia kishindo na sauti ya mama, siyo neno, pumzi tu. Kisha mkono wake ukanishika bega.

Sikuelewa kwanza ni nini. Vidole vilikuwa vikavu na vyenye nguvu, vya mtu aliyechuma pamba maisha yake yote, vimenikaba kupitia shati. Nilikanyaga breki mpaka tukasimama ndani ya vumbi letu wenyewe. Sikugeuka. Nilisubiri mkono uondoke, nikiwa najua kwamba ukiondoka ndipo aibu itakapoanza, na kwamba sisi wawili hatutasahau.

Mkono haukuondoka.

"Gari," akasema, "nani kakuambia usimame?"

"Gari, mwambie mama... nilidhani ameumia."

"Mwambie ng'wanone anasubiri. Twende."

Nikaondoka. Alibaki amenishika bega hivyo hivyo, kibuyu kwenye mkono mmoja na mimi kwenye mwingine, na kila gari lilipopiga nilihisi vidole vikikaza na kulegea. Nilikaa nimenyooka ili nisimwangushe. Tulipoiacha Dutwa nyuma akaanza kusema tena, taratibu, akisubiri mawimbi yapite ndipo amalizie.

"Wewe gari. Watu walisema ni wewe uliyemtoa mjukuu wangu."

Nilikwepa jiwe, nikarudi katikati ya barabara.

"Na mimi nilisema. Nilisema kanisani, nilisema sokoni. Nikakukataza uwanja wangu." Akaacha wimbi lipite. "Mimi kabla ya ng'wanone nilipoteza wawili. Nilikuwa natembea kwa miguu yangu. Sikuwa nimepanda gari la mtu. Hilo nilikuwa nalijua, na bado nikasema. Mwambie mwenye wewe. Mwambie nilikusingizia."

Nililia. Sioni sababu ya kulificha sasa. Nililia kwa sauti, mtu mzima, fundi wa mitambo, na machozi yakinizuia kuona barabara niliyokuwa naijua kwa uti wa mgongo, kwa hiyo niliendesha kwa uti wa mgongo. Nilijua tunapita wapi kwa namna tulivyopigwa: mchanga wa pale mtoni, udongo mweusi wa mbuga uliokauka na kupasuka, kisha changarawe mpya karibu na mji. Nilimshukuru kwa Kisukuma, "Gari, mwambie mama wabeja." Sauti ilitoka imekatikakatika, na safari hii si kwa ajili ya barabara.

Alipoingia wodini jua lilikuwa bado juu. Mimi nilibaki nje kwa heshima, nikamsikia mama kupitia dirishani akimsalimu, "Mwadila, ng'wanone," na kisha mke wangu akilia kama mtoto mdogo. Walimpeleka kwenye upasuaji baada ya hapo. Nilikaa chini kwenye kivuli cha gari, nimeegemea gurudumu, bado bega langu la kushoto likiniuma mahali pale paliposhikwa.

Mama mkwe ndiye aliyeletewa habari kwanza, naye akatoka mpaka barazani, akasimama amegeukia upande mwingine, akaliambia gari lililokuwa limeegeshwa pale: "Mwambie ni msichana. Mwambie wote wazima." Wauguzi walitazamana. Mmoja akaniuliza kama mama ana homa.

Kile kibuyu alipokifungua hakukuta maziwa ya mgando. Alikuta siagi imekusanyika juu, bonge zuri la manjano, tayari kabisa. Kazi ambayo angeifanya kwa kukaa chini na kusukasuka mpaka mikono ife, shokapu zangu zilikuwa zimeimaliza kati ya Lamadi na Bariadi. Nilimsikia akicheka ndani ya wodi, kicheko ambacho sikujua kama anacho. Alimpaka mtoto siagi ile tangu utosini hadi nyayoni kwa siku zote alizokaa kwetu. Ndiyo maana namwambia binti yangu kwamba yeye alipakwa gari.

Mbuzi nilimpeleka kama inavyotakiwa, jike jeupe. Alimpokea, kwa maana kugusana ni kugusana. Ila tangu siku ile gari langu liliruhusiwa kuingia uwanjani kwake hadi karibu na mlango, na nilipokuwa naenda kumsalimia alikaa ndani, mimi nikakaa juu ya boneti nje, na tulizungumza mchana kutwa. "Gari, mwulize pamba ya mwaka huu wananunuaje." "Gari, mwambie mama bei haieleweki, kila mnunuzi na lake." "Gari, mwambie mtoto akioga maji ya baridi atakohoa." Nimezungumza na mama yule kuliko nilivyozungumza na mama yangu mzazi, na yote yalipita kwenye bati lile jekundu.

Watoto walipofika watatu gari halikutosha tena. Chuma chake kilikuwa kimeanza kupasuka pale springi zinaposhikia, na fundi wangu akaniambia amechoka kulichomelea. Nililiuza kwa kijana mmoja wa Mwanza aliyelitazama kwa macho yale yale niliyolitazama mimi. Nilimweleza kila kitu kuhusu ule ugumu. Hakunisikia hata neno moja, na mimi nilimwelewa.

Mara ya kwanza kwenda Kiloleli baada ya hapo nilipanda basi. Niliingia uwanjani kwa miguu, nikapiga hodi, nikaketi kwenye kigoda alichokiacha nje. Nilimsikia ndani akijisogeza nyuma ya mlango. Nikakohoa. Naye akakohoa. Nilipatazama mahali gari lilipozoea kusimama, ambapo mafuta yalikuwa yamedondoka na kuacha doa jeusi. Nilikuwa na habari nyingi za kumwambia, na wa kumwambia amwambie hakuwepo. Tulikaa hivyo muda mrefu, ukuta katikati yetu, kuku wakipita.

Kisha sauti ikatoka ndani, taratibu, ikielekea pale kwenye doa.

"Gari," alisema, "mwambie ng'wanone karibu."